Hum Log: wizara iliandika somo, watu wakaangalia familia

Ukimtajia mtu tamthilia ya Kihindi siku hizi anachokiona kichwani ni jumba la kifahari, mama mkwe kajaa dhahabu alfajiri yote, na kamera inamrudia mtu usoni mara tatu huku ngoma zinapiga kisa tu mlango umefunguliwa. Hizo ni za kuanzia mwaka 2000 kuja huku, enzi za kituo cha Star Plus. Lakini ile ya kwanza kabisa, ambayo Wahindi wenyewe wanaihesabu ndiyo iliyofungua njia, haikuwa na jumba wala dhahabu. Ilikuwa na nyumba ya kubanana, baba mlevi, kijana asiye na kazi, na mabinti watatu wa kuozeshwa wakati hela ya kuwaozesha haipo. Inaitwa Hum Log, yani sisi watu, ilianza kurushwa tarehe 7 Julai 1984 kwenye televisheni ya serikali, Doordarshan, ikaisha tarehe 17 Desemba 1985, episodi 156.

Kinachochanganya kuhusu Hum Log sio stori yake, stori inaeleweka kirahisi tu. Kinachochanganya ni nani hasa aliitaka na kwa ajili gani. Ukisoma huku unaambiwa ni burudani iliyopendwa sana, ukisoma kule unaambiwa ilikuwa kampeni ya uzazi wa mpango, na ukienda kwa watu wa biashara wanakusimulia habari za tambi za Maggi. Yote matatu ni kweli, tena kwa wakati mmoja, na ndio maana ni ngumu kuielezea kwa sentensi moja. Halafu mbinu iliyotumika kuitengeneza ndiyo hiyohiyo iliyokuja kumzaa Mkwaju, yule dereva wa lori wa Radio Tanzania, ambaye wale waliokuwa na redio nyumbani miaka ya tisini hawahitaji kutambulishwa.

Tuanze na familia yenyewe. Babu anaitwa Rijhak Ram, mzee wa misimamo. Bibi ni Imarti Devi, ila nchi nzima ilimwita Dadi, bibi tu, mama mwenye mdomo wake na mapenzi yake. Mtoto wao Basesar Ram ndiye baba wa nyumba kwa jina, kwa vitendo ni mtu wa chupa na wa ahadi, leo anaapa kuacha kesho anarudi amelewa. Mke wake Bhagwanti anapika, anafua, anatukanwa, anapika tena. Watoto watano. Lallu mkubwa wa kiume anazunguka kutafuta kazi, na ukoo mzima unamsubiri yeye. Badki ndiye dada mkubwa, binti wa heshima anayefikiria kabla ya kuongea. Majhli wa kati anataka kuwa staa wa sinema Bombay. Chhutki mdogo anataka kuwa daktari. Na Nanhe, mvulana, yeye ni kriketi tu, na kijana aliyemwigiza, Abhinav Chaturvedi, alikuwa mchezaji kriketi kweli.

Hao ndio wanaoitwa tabaka la kati, na hapa inabidi tuelewane kwa sababu neno hilo linadanganya. Sio watu wa magari mawili na likizo. Ni wale ambao chakula cha leo kipo, watoto wanakwenda shule, baba anavaa shati la kupigwa pasi, lakini ugonjwa mmoja tu mkubwa au harusi moja tu vinaweza kuwarudisha chini kabisa, na wakati huohuo wanatakiwa mbele ya majirani waonekane hawana shida. Maskini kabisa anaruhusiwa kulia, hawa hawaruhusiwi. Presha yote ya Hum Log inatoka hapo, na ndio maana mtu wa Delhi, Lucknow au Patna akiangalia alikuwa anaona nyumbani kwake.

Kuhusu harusi, msomaji wa kwetu lazima ageuze kichwa kidogo. Huku kwetu mahari anatoa upande wa mwanaume. Kule ni kinyume, mzigo uko kwa wazazi wa binti, wao ndio wanaotakiwa kutoa hela, vyombo, dhahabu, na sheria ya kukataza hayo ipo tangu 1961 lakini desturi iliendelea kana kwamba hakuna kilichoandikwa. Kwahiyo unapoona nyumba yenye mabinti watatu na baba mlevi, Mhindi wa 1984 hakuhitaji kuelezwa kitu zaidi, ile ni hesabu ya madeni imekaa sebuleni.

Sasa wazo limetoka wapi. Huwezi kuamini ila linaanzia Peru. Mwaka 1969 kule Peru kulikuwa na tamthilia inaitwa Simplemente María, binti wa shamba anakwenda Lima kuwa hausigeli, anajifunza kushona kwa cherehani ya Singer, anapanda mpaka anakuwa mbunifu wa mavazi. Hakuna aliyekusudia kufundisha mtu chochote, ilikuwa stori ya kuliza watu tu. Lakini mabinti wa kazi wakaanza kujiandikisha madarasa ya kushona na Singer ikauza cherehani kwa wingi. Kule Mexico kwenye kampuni ya Televisa alikuwepo jamaa anaitwa Miguel Sabido, mtu wa maigizo, akaliangalia hilo akajiuliza swali ambalo ukilifikiria linatisha kidogo: kama hii imetokea kwa bahati, itakuwaje tukiipanga?

Akachukua nadharia za Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Stanford, kwamba binadamu hujifunza sana kwa kutazama wengine wanafanya nini na wanalipwa nini kwa walichofanya. Kisha Sabido akatengeneza fomula. Unachagua tabia moja unayotaka watu waifuate. Unaweka mhusika mzuri anayeifuata, anafanikiwa. Unaweka mbaya anayeikataa, anaumia. Halafu katikati, na huyu ndiye wa muhimu kuliko wote, unaweka mtu anayeyumba, anayefanana na mtazamaji, leo yuko huku kesho kule, mpaka mwisho anabadilika na maisha yanamnyookea. Mwisho wa episodi anatokea mtu anayeheshimika anasema maneno machache na kukuelekeza huduma ilipo. Ya kwanza kwa mtindo huo ilikuwa Ven Conmigo, 1975 hadi 1976, kuhusu elimu ya watu wazima. Waliporusha episodi inayotaja mahali vitabu vya kusomea vinapogawiwa bure Mexico City, kesho yake watu kama 25,000 wakafika palepale na vitabu havikutosha na mitaa ikajaa. Ya pili, Acompáñame, 1977 hadi 1978, ilihusu uzazi wa mpango, na hapo ndipo serikali za nchi zenye watu wengi zikageuza shingo.

India iligeuza shingo kwa sababu zake. Hapa naweka tafsiri yangu pamoja na historia, na historia ni hii: wakati wa hali ya hatari, 1975 hadi 1977, serikali ya waziri mkuu Indira Gandhi iliendesha kampeni ya kufunga watu uzazi, na mwaka 1976 peke yake watu zaidi ya milioni 6 walifungwa, wengi kwa shinikizo, wengine kwa nguvu kabisa. Watu walikasirika na uchaguzi wa 1977 chama chake cha Congress kikaangushwa, na hilo la kufungwa uzazi lilikuwa moja ya sababu kubwa. Indira akarudi madarakani 1980 lakini neno uzazi wa mpango lilikuwa limeshachafuka, ukilitamka kijijini watu wanakimbia wakidhani gari la kliniki linakuja. Kwa hali hiyo mimi naona ilikuwa lazima watafute mlango mwingine wa kuingilia, mlango ambao hauna polisi wala sindano, na Waziri wa Habari na Utangazaji Vasant Sathe aliposafiri Mexico na kuona mambo ya Televisa, akarudi na jibu mkononi.

Vyombo navyo vilikuwa vimeiva. Rangi kwenye televisheni India iliingia 1982 kwa ajili ya Michezo ya Asia iliyofanyika Delhi, na mwaka 1984 serikali ikasimamisha mitambo ya kurushia matangazo kwa kasi ya ajabu, kuna miezi ilikuwa karibu mtambo mmoja kila siku. Mitambo ipo, ya kurusha hakuna. Tivii ilikuwa taarifa ya habari, kilimo, hotuba, na nyimbo za sinema kwa wiki mara moja. Ukishafikisha picha mpaka mji mdogo halafu unamwonyesha mtu namna ya kuweka mbolea kila jioni, atazima.

Kwahiyo wakamtafuta mwandishi, Manohar Shyam Joshi, mtu wa magazeti na riwaya mwenye sikio kali la lugha ya mitaani, na mwongozaji P. Kumar Vasudev. Uamuzi wa kumchukua Joshi nadhani ndio uliookoa kila kitu, ingawa walipomchukua hawakujua anakuja kuokoa nini.

Maana mwanzo ulikuwa mbaya. Episodi 13 za kwanza zilikuwa na uzazi wa mpango kila kona. Watu hawakai sebuleni kula bila mmoja kutoa mawaidha kuhusu idadi ya watoto. Watazamaji wakanuna, wakasema hii inakwenda polepole, na wakasema wanahubiriwa. Hebu fikiria, ni mtu mzima umetoka kazini, umepanda basi lililojaa, unakaa na wazazi wako na watoto wako kwa sababu tivii ni moja kwa watu wote, tena na majirani wamekuja kwa sababu wao hawana, halafu mtu kwenye kioo anaanza kukuelekeza mambo ya kitandani mbele ya mama yako. Hiyo haikuwa na nafasi ya kufaulu, na mtu yeyote aliyewahi kuangalia tivii na wazee anajua ule ukimya wa pale unapotamani chai iungue jikoni ili uinuke.

Wakabadilisha. Somo la idadi ya watoto likasogezwa pembeni, likabaki linaonekana kwa hesabu tu, watoto watano na mshahara usiotosha, bila mtu kulisema. Mbele yakaja mambo ya wanawake, mahari, ulevi, ajira, rushwa, ndugu kuishi pamoja chini ya paa moja. Majhli anakwenda Bombay kutafuta sinema anakutana na watu wanaomtumia. Badki anampenda daktari Ashwini, na ndoa yao inasuasua mpaka watazamaji wanaandika barua kushinikiza. Dadi anapata kansa. Joshi alikuwa anaandika huku tamthilia inaendelea kurushwa, karibu mara mbili kwa wiki, kwahiyo barua za watu zilikuwa zinafika kabla stori haijakauka na zilikuwa zinaigeuza kweli. Dadi alitakiwa afe mapema, watu wakamng'ang'ania, akaendelea kuishi zaidi ya alivyopangiwa. Na siku ya harusi ya Badki inasimuliwa mpaka leo kwamba kuna sehemu maduka yalifungwa na watu wakapongezana kana kwamba ni binti wa mtaa wao.

Kwenye kila episodi kulikuwa na Ashok Kumar. Huyu alikuwa nyota wa sinema tangu miaka ya 1930, babu wa taifa zima ukipenda, na mwishoni mwa kila episodi alitokea kwa nusu dakika hivi akaongea na watu moja kwa moja, utani kidogo, ushairi kidogo, swali kidogo: nyie mngefanyaje? Akimaliza anatamka jina la tamthilia kwa lugha mojawapo ya lugha za India, leo hii kesho ile. Hii ni ile sehemu ya fomula ya Sabido ya mtu anayeheshimika, lakini kwa Ashok Kumar ikawa kitu kingine kabisa, watu wakamfanya mshauri. Barua zilizofika zinakadiriwa 400,000 ndani ya miezi 17, nyingi zikiwa kwake yeye, na wamo vijana waliomwomba azungumze na wazazi wao kuhusu mchumba waliyemkataa. Kulikuwa na inspekta wa polisi kwenye stori, Samdar, akapoteza macho, Ashok Kumar akazungumzia kuchangia macho baada ya kufa, na kikundi kimoja cha vijana kikaandika kwamba kimekusanya ahadi za watu kama 900. Hiyo wala haikuwa ajenda kuu ya wizara, na ndiyo ikashika.

Sasa hela. Serikali haikulipia yote hii kutoka mfukoni. Doordarshan ilikuwa inapokea matangazo ya biashara tangu 1976 lakini Hum Log ilikuja na mtindo mpya, kampuni inadhamini utengenezaji wa tamthilia na yenyewe inapewa muda wa matangazo yake. Mdhamini alikuwa Food Specialities Limited, kampuni iliyohusiana na Nestlé, na bidhaa yenyewe tambi za Maggi za dakika mbili, ambazo zilikuwa ndio kwanza zinaingia sokoni India. Ukiangalia kwa jicho la biashara ni akili sana. Anayeangalia Hum Log ni mama wa mjini, ana watoto wanaotoka shule na njaa, hana muda, na anataka mtoto wake afanane kidogo na watoto wa kwenye matangazo. Maggi ikapaa mpaka ikawa chakula cha kawaida kwenye nyumba za India, wakati jikoni za kule zilikuwa hazijui tambi za namna hiyo kabisa.

Watu wengi hupita hapa haraka na mimi naona ndipo kiini kilipo. Ndani ya nusu saa ileile kulikuwa na wafundishaji wawili. Mmoja wa wizara anasema mpange familia, mheshimu mwanamke, acheni mahari. Mwingine wa kampuni anasema nunueni hiki. Wa kampuni alikuwa na kipimo, anahesabu katoni. Wa wizara alikuwa na barua na hisia. Baada ya Hum Log wadhamini wakapanga foleni, ikaja Buniyaad mwaka 1986 ya mwandishi huyohuyo Joshi kuhusu familia iliyopasuliwa na mgawanyo wa India na Pakistan, ikaja Ramayan mwaka 1987 iliyosimamisha miji kila Jumapili asubuhi. Hawakuhitaji tena somo la wizara ndani yake. Walikuwa wameshajua kwamba familia peke yake inatosha kuuza.

Tukirudi kwa wizara, je somo liliingia? Wapo watafiti walioichunguza, Everett Rogers na Arvind Singhal ndio wanaotajwa sana. Walihoji watu wazima 1,170 Delhi, Pune na Madras. Asilimia 70 wakasema wamejifunza kwamba wanawake wanastahili nafasi sawa, 68 kwamba mwanamke awe huru kujiamulia mambo yake, 71 kwamba familia iwe na watoto wachache. Namba tamu hizo. Ila angalia neno wakasema. Mtu akija na karatasi akakuuliza kama tamthilia ya serikali imekufundisha kumheshimu mke wako, utamjibu haijakufundisha? Na wasomi wengine walioichambua kwa ukali zaidi hawakuona kwamba kuiangalia kwa wingi kulibadilisha sana mitazamo kuhusu wanawake. Halafu kuna jiografia, kaskazini kwenye Kihindi watazamaji walifika kati ya asilimia 65 na 90 ya wenye tivii, miji ya kusini kati ya 20 na 45, maana mtu wa Madras anaongea Kitamil na ugomvi wa kulazimishwa Kihindi ni wa miaka mingi, kwahiyo ile sisi watu kuna watu haikuwahesabu.

Ila pigo kubwa kwa fomula alilitoa Bhagwanti.

Kwenye mpango Bhagwanti alikuwa mfano mbaya. Sio mbaya wa roho, hapana, mbaya kwa maana ya msiige. Mke anayenyamaza, anayedharauliwa na mume na hata na mama mkwe, asiyejiwekea kitu. Mtazamaji alitakiwa amwone aseme mimi sitaki kuishi hivi. Kilichotokea ni kwamba watu wengi, na wanawake wakiwemo, walimpenda yeye hasa, wakasema huyu ndiye mama wa Kihindi wa kweli, tungepata wake kama hawa. Waliochagua kumuiga walikuwa wengi kiasi cha kuwatia aibu waliopanga. Kwenye utafiti wa mambo haya kuna jina lake kabisa, wanaita athari ya Archie Bunker, kutokana na kichekesho cha Marekani kilichoanza 1971 ambapo mzee mbaguzi aliwekwa ili watu wamcheke, na waliokuwa wabaguzi wakampigia makofi.

Lakini mimi sidhani Bhagwanti na Archie ni kitu kimoja. Archie anapendwa na wanaofikiria kama yeye. Bhagwanti alipendwa hata na wanaojua anaonewa, na sababu ni kwamba kosa lake kwenye mpango lilikuwa uvumilivu, na uvumilivu kwenye nyumba zile, na zetu pia tusijidanganye, ni sifa. Bibi alikusifia kwa hilo, kwenye harusi uliambiwa hilo. Ukimweka mtu kwenye stori akateseka miezi 17 bila kukata tamaa, kanuni ya zamani ya hadithi kuliko Sabido na Bandura wote inasema huyo ndiye shujaa. Mtazamaji anampenda anayeumia. Wewe unamwadhibu ili watu wamkimbie, kumbe kila adhabu unayomuongezea unamuongezea wapenzi. Na tamthilia ya familia ndiyo mbaya zaidi kwa hilo, kwa sababu haina haraka, inakaa na mtu jikoni siku nenda rudi mpaka unamjua mpaka anavyoshika kijiko, na mtu ukishamjua hivyo huwezi kumtumia tena kama mfano wa msiige.

Ndio maana ukiniuliza kama Hum Log ilifaulu nitakuuliza kwa nani. Maggi, ndiyo. Doordarshan, ndiyo kabisa. Joshi, ndiyo. Wizara, kiasi, tena pale ilipolegeza mkono.

Mbinu haikufia India. Kenya ilipata Tushauriane mwaka 1987 kwenye televisheni ya Sauti ya Kenya, na redioni Ushikwapo Shikamana. Tanzania ikapata Twende na Wakati, tamthilia ya redio ya yule Mkwaju, Radio Tanzania Dar es Salaam, kuanzia Julai 1993, na hii ndiyo iliyokuja kuwa maarufu kwenye vyuo vikuu vya Marekani kwa sababu ya jambo moja la kitafiti. Mkoa wa Dodoma ulinyimwa. Kwa miaka miwili, 1993 hadi 1995, wakati nchi nzima inamsikiliza Mkwaju, kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine saa hizo, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Kisha kuanzia 1995 na Dodoma ikarushiwa. Kitu kama hicho Hum Log haikuwa nacho, ilirushwa kwa wote kwa mpigo na baadaye ndio watu wakaanza kuuliza imefanya nini. Kama ni halali kumnyima mtu kipindi cha ukimwi miaka miwili ili upate takwimu safi, hilo ni swali ambalo sijaona likiulizwa kwa sauti na nadhani lilistahili.

Mkwaju anaendesha lori njia ndefu, kila kituo ana mwanamke, nyumbani ana mke, Tunu, na watoto. Anapata ukimwi anakufa. Wasikilizaji wengi walimwelewa kama alivyokusudiwa, kwamba ni mfano wa kukimbia, na ukilinganisha na Bhagwanti unaona kwa nini. Mkwaju hateseki kwa ajili ya mtu, anatesa. Ni mchangamfu, watu walimcheka na walimfurahia, lakini kumfurahia sio kutaka kuwa yeye.

Anayelingana na Bhagwanti kwa kweli ni Tunu. Naye anaanza palepale, mke wa kuvumilia, mume harudi, hela haionekani. Tofauti ni kwamba Tunu hakuachwa jikoni stori nzima ili tumuonee huruma. Alipewa miguu, akamwacha Mkwaju, akaanza biashara yake ndogo, akasimama. Yule wa katikati anayeyumba, ambaye Sabido alisema ndiye wa muhimu kuliko wote, ndiye huyo. Kwenye Hum Log kulikuwa na wengi wanaoyumba lakini mama wa nyumba, ambaye wote waliokaa mbele ya tivii walikuwa wanamtazama yeye, alibaki amesimama palepale muda mrefu sana, na mtu aliyekaa naye jioni baada ya jioni miezi yote hiyo angejifunza nini kwake zaidi ya kuvumilia?